Kabla hujatia asidi kwenye chupa

Wadogo zangu, juzi nilisimama juu ya tuta la marudio, yale mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, nikiwatazama wawili wenu mkikinga maji kijitoni. Nilinyamaza makusudi. Mmoja aliizamisha chupa mpaka ikagusa tope la chini, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mwenzake akafungua kichupa cha asidi ya nitriki, akadondosha, akafunga, akatikisa kama anayetikisa dawa ya kikohozi. Kisha mkaandika kwenye daftari: "Sampuli imehifadhiwa." Nikashuka tutani polepole. Goti langu lina maneno siku hizi, na mimi nilikuwa na maneno ya kumeza kabla sijawafikia.

Sikuwafokea kwa sababu kosa lile nalijua kwa ndani. Nililifanya kabla yenu, tena kwa ustadi mkubwa kuliko wenu. Nitalifikia. Acha nianze na jepesi.

1. Hakuna rundo lililotelekezwa. Kwenye makaratasi yetu tunaandika "mabaki ya uchenjuaji yaliyotelekezwa", lakini kaa kwa mama ntilie nusu saa utamsikia mwenye tuta akitajwa. Huku kwetu Geita, ambako mgodi wa mkoloni ulifungwa 1966, na Chunya vilevile, kila tuta lina mtu anayelipigia hesabu usiku akiwa amelala.

Kuna mwaka tulipima tuta moja kwa gridi ya mita 10, kila nukta kijiti chenye utepe mwekundu na namba. Kazi safi, nikaipiga picha. Asubuhi ya pili kila kijiti kilikuwa kimezungukwa na shimo. Vijana wa mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu, waliona watu wenye viatu vizuri wanachota udongo kwa kijiko na kuutia mfukoni kwa adabu, wakajua penye utepe ndipo penye mali. Tuliporudi baada ya miezi minane na mchoro wetu wa kulifunika tuta kwa mfinyanzi, tuta halipo. Limeuzwa, limepakiwa kwenye tipa, limekwenda kwenye matangi ya sianidi upande wa pili wa barabara. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa 84 kuhusu kitu kilichokwishahama.

Na kilihama vibaya. Marudio ya mwaloni yana zebaki ya kukamatishia dhahabu. Ukiyatia sianidi kabla ya kuitoa ile zebaki, sianidi inaiyeyusha kama inavyoiyeyusha dhahabu, na ikishayeyuka inasafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa 2013 umelitaja jambo hilo moja kwa moja miongoni mwa yanayotakiwa kukomeshwa. Kwa hiyo muulize mwenyekiti wa kijiji, mwenye karasha la kusagia mawe na mwenye tipa kabla hujachomeka kijiti hata kimoja.

2. Chupa. Hapa ndipo nilipokaa chini kuandika.

Ni kijiji fulani, jina nitaliacha. Juu mlimani kuna mabaki ya kinu cha zamani, chini yake kijito, na ng'ambo ya kijito kisima cha pampu ya mkono kinachonywesha vitongoji viwili. Nilitumwa kujua kama sumu ya tuta imefika kwenye maji ya watu. Nilikuwa na miaka miwili kazini, kizibao chenye mifuko kumi na mbili, na sikuwa na shaka na lolote.

Nilianzia kijitoni, nikachuja kila chupa kama kitabu kinavyosema. Chujio zikaisha. Nilifika kisimani saa tisa alasiri, njaa imenishika, nikakuta tope bichi kuzunguka pampu, michirizi ya mabomba yaliyoburutwa, na tambara lenye grisi limetupwa pembeni. Mwenye akili angeuliza kuna nini hapa. Mimi nilikuwa nawaza wali. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba fundi pampu alikuwa ameng'oa mabomba yote jana yake, akabadilisha washa za mpira, akayarudisha, na tope lote la chini ya kisima likatibuka. Nikapampu mara tano sita, maji yakatoka mekundu, nikakinga chupa moja, nikatia asidi, nikatikisa. Wekundu ukapotea, maji yakang'aa. Nikafurahi! Nilidhani yamesafika.

Mnajua kilichotokea, au mnapaswa kujua. Ule wekundu ni kutu, na kutu huing'ang'ania aseniki, sumu inayotoka kwenye mawe. Ikitulia chini ya kisima, haimfuati mtu kwenye ndoo. Asidi yangu iliiyeyusha kutu yote humo ndani ya chupa, na aseniki yote iliyokuwa imeshikwa ikaachiliwa majini. Maabara ikapima kwa usahihi kabisa kile nilichoipelekea, yaani supu ya tope. Jibu likaja: aseniki miligramu 0.09 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.01. Mara tisa.

Kuna mjuaji atasema watu hawachuji maji kwa chujio la mikroni 0.45, wanakunywa yalivyo. Kweli kabisa. Ndiyo maana tunachukua chupa mbili mahali pamoja, iliyochujwa na isiyochujwa, na tunapampu kwanza mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, na joto la maji vitulie. Mimi nilikuwa na chupa moja, sina sampuli pacha ya kulinganisha, sina sampuli tupu ya maji safi ya kuhakiki chupa, na daftari langu limeandikwa: "Maji ya kisima, hali ya kawaida." Hali ya kawaida! Maji mekundu kama juisi ya rozela.

Mpaka hapo kosa lilikuwa bado la mezani. Kilichoniharibia ni mdomo. Majibu yaliponifikia, nilimpigia simu mtendaji wa kijiji kabla sijamwonesha mkuu wangu. Nilitaka kuonekana mimi ndiye niliyegundua. Kesho yake nikawa nimesimama chini ya mwembe kwenye mkutano wa hadhara, natamka "mara tisa" kwa kuirudia, naona watu wanavyoshtuka na moyoni najisikia mkubwa. Mwenyekiti akaleta mnyororo na kufuli, pampu ikafungwa mchana uleule. Bibi mmoja aliyekaa mbele, kanga kaifunga kiunoni, akaniuliza: "Mwanangu, sasa tuchote wapi?" Nikamjibu kwamba mamlaka husika zinalishughulikia. Jibu hilo bado linaniwasha.

Walichota kijitoni. Wangechota wapi kwingine? Kijito kilikuwa cheupe, unaona hadi mchanga wa chini. Lakini weupe ule ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe: maji yaliyopita kwenye mawe ya salfidi, yaani yenye salfa, yakawa asidi huyeyusha metali na kuzibeba bila kuonesha rangi. pH ilikuwa 4.4. Akina mama walisema yanakausha mdomo kama ndizi mbichi. Na metali za sumu za kijito, risasi na kadmiamu, zilikuwa juu ya kikomo, zimeandikwa kwenye karatasi ileile ya maabara, mstari wa tatu na wa nne. Jicho langu lilikuwa limenasa kwenye tarakimu kubwa ya mstari wa kwanza, sikushuka chini. Nikawatoa watu kwenye kisima kizima nikawapeleka kwenye maji mabovu. Wiki 11. Hakuna aliyepima damu ya mtoto hata mmoja.

Aliyenikamata ni mkuu wangu, mama mmoja mkemia asiyepandisha sauti. Aliishika ile karatasi, akaisoma mara moja, akauliza: "Chuma ni ngapi?" Nikatazama. Miligramu 38 kwa lita. "Kwa hiyo hawa watu wanakunywa misumari?" Akanirudishia karatasi akaendelea na chai yake. Tukarudi wote wawili. Tukapampu nusu saa kwa zamu, mimi zamu ndefu. Chupa mbili, iliyochujwa na isiyochujwa: aseniki 0.004 na 0.005.

Kufuli lilitoka siku moja. Watu hawakurudi siku moja. Nilisimama tena chini ya mwembe uleule, safari hii kusema kwamba maji niliyosema ni sumu si sumu, na yale mnayokunywa sasa ndiyo sumu. Jaribu kuisema sentensi hiyo mbele ya watu mia mbili uone kama wewe mwenyewe utajiamini. Wakaniita Bwana Sumu. Kuna bwana afya, kuna bwana shamba, na mimi nikapata cheo changu.

3. Msimu. Mnapenda kwenda kiangazi kwa sababu gari halinasi. Kiangazi tuta linatoa chumvi juu, nyeupe na njano, nzuri machoni. Hizo ni asidi na metali zilizokauka zikisubiri mvua, na mvua ya kwanza inaziosha zote kwa mkupuo. Ukipima Agosti na kurudi Aprili umekosa siku mbaya kuliko zote. Nimeona ng'ombe wanazilamba chumvi hizo na mchungaji amejilaza kivulini. Nilipopiga kelele akanijibu kwamba ng'ombe wana akili zao. Tulibishana mpaka jua likazama, na sampuli sikuchukua.

Yale madogo niyamalize hapahapa. pH pima palepale, usiisubirie maabara, maana chuma hubadilika njiani. Udongo mbichi ukiupiga kwa mashine ya XRF, ile inayosoma metali kwa miale, unakudanganya kwa kushusha namba, kwa hiyo uanike kwanza. Chukua na sampuli upande wa mlimani, juu zaidi kuliko tuta, mahali ambapo mabaki hayajafika, kwa sababu mwamba wa ukanda huu una aseniki yake ya kuzaliwa na tuta si la kulaumiwa kwa kila kitu. Penseli, si kalamu ya wino. Barafu nunua asubuhi. Usimpe dereva kulboksi aweke soda zake.

4. Kusafisha kuna mpangilio wake. Kila anayeanza kazi hii anataka kuanza na greda. Kule Zamfara, Nigeria, 2010, watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyuani mwao, na mawe yale yalikuwa na risasi. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini haikuwa na maana kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye ua uleule atambae na kula vumbi lilelile. Kwa hiyo nyua zilitangulia. Wanakijiji wenyewe wakakwangua udongo kwa majembe, wakauzika, wakamwaga udongo safi juu. Kijiji cha Bagega kilisubiri fedha mpaka 2013, na watoto wake wakasubiri matibabu muda wote huo. Kabla hujanionesha mchoro wa bwawa, nioneshe watoto wanachezea wapi. Chanzo cha sumu, njia yake, mpokeaji wake: mnaimba hivyo kwenye semina, halafu mkifika uwandani mnachora chanzo tu kwa sababu ndicho kinachopendeza kwenye picha ya droni.

Lakini chanzo nacho usikiache. Kabwe, Zambia, mgodi ulifungwa 1994 na vumbi la risasi bado linaingia majumbani. Ukifagia ua bila kulifunika tuta, utafagia tena mwakani.

Na maji yana nguvu kuliko bajeti yenu. Kilembe, Uganda, shaba iliacha kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabaki yake yakabaki yamelundikwa kando ya mto Nyamwamba. Mto ulifurika 2013, ukafurika tena 2020, na kila ukishuka unajichotea. Kwa hiyo mtaro wa kukinga maji ya juu kwanza, mfinyanzi baadaye, nyasi mwisho. Nimeona mradi ulioanza na nyasi. Vetiva, zimepandwa kwa mstari, mheshimiwa kapiga nazo picha. Masika moja. Tulizikuta kwenye daraja la chini, bado ziko kwenye mstari.

Chujio mpya zimefika, kasha liko chini ya meza yangu, mwenye kuchukua aandike jina kwenye daftari. Mnaokwenda Jumatatu chukueni mara mbili ya mnazodhani mtahitaji. Kijiji mnachokwenda ni kilekile. Pampu mtaiona, imepakwa bluu juu ya alama nyekundu ya siku zile za kufuli, na bibi wa kanga bado yuko, nyumba yake ya pili kutoka kisimani. Shikamoo kwanza, chupa baadaye. Akiwauliza mmetumwa na nani, semeni ofisi.