Mtutu wa chini: .410 au geji 20?

Ndugu, umeuliza kuhusu bunduki ya mitutu miwili, wa juu wa risasi moja moja na wa chini wa marisawa (vipande vidogo vingi vinavyotawanyika). Kama uko Missouri, Marekani, na unawinda kuchakuro na sungura tu, mtutu wa juu uwe .22 LR (risasi ndogo), hapo hakuna mjadala: risasi zake ni rahisi na haziharibu nyama. Kazi ipo mtutu wa chini. Wengi hupenda .410, ambayo ni nyembamba kuliko geji 20, kwa wepesi wake, lakini marisawa yake ni machache. Sungura akikimbia utamkosa sana. Mimi ningetafuta Savage 24, bunduki ya aina hii, yenye mtutu wa chini wa geji 20, hata kama ni nzito kidogo. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utanunua iliyotumika. Ikiwa tupu, ifunge uitikise uone kama bawaba imelegea, ujaribu na swichi ya kuchagua mtutu. Kisha piga mitutu yote miwili kwenye karatasi, mita 20. Si ajabu ikapiga sehemu mbili tofauti.