Msalaba wa kijivu na nishani ya kahawia: vilikuwa vya muuguzi kweli?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Hamburg kimasomo, na Jumamosi hupita gulio la vitu vikuukuu. Nimenunua vitu viwili kwa muuzaji mmoja: msalaba wa kijivu, mwepesi, ulioandikwa "Für Kriegs-Hilfsdienst" (kwa huduma ya msaada wa vita), na nishani ya duara ya kahawia yenye maneno "Für Verdienste um das Rothe Kreuz" (kwa mchango kwa Msalaba Mwekundu). Aliniambia vyote vilikuwa vya muuguzi wa Vita Kuu ya Kwanza aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam. Rafiki yangu Mjerumani anasema nishani ni bandia kwa sababu "Rothe" imekosewa tahajia, siku hizi huandikwa "Rote". Ni kweli? Na nivisafishe kwa dawa gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa iache dukani. Wateja wengi huniletea nishani zikiwa zinang'aa kama sufuria mpya, nami huwapunguzia bei papo hapo. Ile rangi ya kahawia imejijenga kwa zaidi ya miaka mia, ukiisugua hairudi.

Rafiki yako ni Mjerumani wa leo, kwa hiyo anasoma Kijerumani cha leo. Nishani ya Msalaba Mwekundu ya Prussia, ufalme mkubwa kuliko wote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ilianzishwa tarehe 1 Oktoba 1898 na Mfalme Wilhelm II, na wakati huo neno hilo liliandikwa kwa "th". Tahajia ilibadilishwa baada ya mkutano wa Berlin wa 1901, lakini maneno ya kwenye nishani yakabaki vilevile. Ningetia shaka kama ingeandikwa "Rote".

Ilikuwa na madaraja matatu, na yako ni ya daraja la tatu. Sasa itazame rangi, maana katika nishani za Kijerumani mimi husoma madini kabla ya maneno. Daraja hilo lilianza kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waingereza wakaziba njia za bahari na shaba ikawa mali ya kutengenezea risasi na mizinga. Mwaka 1917 hata kengele za makanisa ziliteremshwa zikayeyushwe. Nishani nazo zikapigwa kwa madini hafifu ya kijivu. Yako ya kahawia basi yaelekea ilitengenezwa kabla ya dhiki hiyo. Hata hivyo haithibitishi kwamba mwenyewe alikuwa muuguzi: walipewa pia madaktari, wabeba machela, na mabibi wa kamati waliochangisha fedha bila kugusa bandeji.

Msalaba wa kijivu ndio uliokupoteza. Ni wa zinki; ukiusogezea sumaku hautashika. Neno "Hilfe", lililo ndani ya "Hilfsdienst", ni msaada kweli, lakini si wa kuuguza. Msalaba huo ulianzishwa tarehe 5 Desemba 1916, siku ileile ilipotiwa saini sheria iliyowalazimisha wanaume wa miaka 17 hadi 60 wasio jeshini kufanya kazi za vita. Waliovishwa ni watu kama wafanyakazi wa reli na wa viwanda vya silaha. Ni mingi, na bei yake ni ya chini.

Kama moyo wako uko kwa waliohudumia majeruhi, anza na nishani ya vita vya Wajerumani na Wafaransa vya 1870 na 1871. Wapiganaji walipewa ya bronzi iliyoyeyushwa kutoka mizinga iliyotekwa kwa Wafaransa. Waliotumika bila kupigana, madaktari wakiwemo, walipewa ya chuma cha pua, yenye maneno "Für Pflichttreue im Kriege", yaani kwa uaminifu kazini wakati wa vita. Hiyo sumaku huishika. Ufalme wa Württemberg nao ulitoa Msalaba wa Charlotte kuanzia Januari 1916, wenye jina la malkia wao, kwa wanaume na wanawake waliowahudumia majeruhi na wagonjwa.

Ule wa kutamaniwa ni msalaba wa wanawake wa tarehe 22 Machi 1871: umbo la Msalaba wa Chuma, ile nishani maarufu ya askari wa Prussia, na katikati msalaba mwekundu. Usiununue gulioni. Bandia zake ni nyingi, na nyingi zimemiminwa katika kalibu: herufi zimelainika kama za sabuni iliyotumika, na kipimo chake hupungua kidogo kwa kuwa madini husinyaa yakipoa. Ya halali imepigwa kwa muhuri, kingo zake kali.

Utepe wa kuning'inizia nishani pia una ushahidi wake. Zima taa, uumulikie tochi ya miali ya urujuanimno (UV). Nyuzi za kisasa zenye kemikali ya kung'arisha huwaka buluu. Za wakati ule hubaki zimefifia. Utepe mpya haufanyi nishani kuwa bandia, ila bei lazima ishuke.

Hiyo ya Dar es Salaam, mwanangu, umeuziwa hadithi tu. Wauguzi wa Kijerumani walikuwepo pale, hilo halina ubishi, lakini muuzaji aliisikia lafudhi yako akajua pa kukushika. Bila hati ya kutunukiwa yenye jina, usimwongezee hata senti moja.

Vitunze mbalimbali, kwenye karatasi isiyo na asidi. Droo ya mbao hutoa mvuke unaoiotesha zinki unga mweupe, na vifuko vya plastiki laini huiachia shaba utando wa kijani. Kisha pima uzito na upana wa ile ya kahawia, piga picha ya ukingo wake kwa karibu, unitumie.