Ufini bila skii: nendeni mkakae juu ya ziwa

Dada, salamu kutoka mji wa Tampere, hukuhuku Ufini, na mama mkwe nifikishie shikamoo yangu.

Umeandika kwamba mnaishi Ujerumani, mna wiki moja ya likizo mwezi Februari, mama mkwe amekuja kutembea kutoka Tanga, watoto wana miaka 7 na 11, goti lako halitaki kusikia habari za skii, vile vibao virefu vya kuteleza kwenye theluji, na kila unayemuuliza kuna nini Ufini wakati wa baridi anakutajia skii hiyohiyo. Mimi huu ni mwaka wa 9 niko huku, nafanya kazi ya kutunza wazee. Skii nimezivaa mara mbili tu. Lakini ukiniuliza msimu ninaoupenda, nitakwambia huu wa baridi, na sababu yake ni ziwa.

Nimezaliwa Ukerewe. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, usiku na karabai, asubuhi kuanika. Mwaka wangu wa kwanza huku niliposhuhudia maji yanaganda pale ufukweni, nilijua basi, ziwa limefungwa mpaka Mei. Kumbe ndiyo kwanza linafunguliwa. Nchi hii ina maziwa zaidi ya 180,000, na yakishaganda vizuri watu wanashuka kutoka majumbani wanaingia juu yake kama sisi tunavyoingia uwanjani jioni: wenye mbwa, wenye watoto, wazee wenye ndoano, vijana wenye viatu vya kuteleza. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: msiende kwenye milima ya skii kabisa. Kodini nyumba ndogo ya kando ya ziwa, wenyewe wanaita mökki, iwe na sauna yake, yaani chumba cha mvuke wa moto, mkae siku tano palepale. Usinunue ratiba ya mtu ya leo mbwa, kesho kulungu wa theluji (reindeer), keshokutwa pikipiki ya theluji. Watoto watachoka, mama atashinda ndani ya basi, na mfuko wako utatoboka.

Angalia tarehe kwanza. Shule za huku zina likizo yao ya baridi, jina lake lenyewe hiihtoloma, yaani likizo ya skii. Inapokezana kwa mikoa katika wiki ya 8, ya 9 na ya 10 ya mwaka. Wiki hizo nyumba zinagombaniwa. Mkipata kabla ya hapo, bora zaidi. Katikati ya Februari hapa Tampere jua linatoka kama saa 2 asubuhi na kuzama karibu saa 11 jioni, kwa hiyo mchana upo wa kutosha. Giza la kutisha mnalolisikia ni la Desemba.

Sasa nikueleze uvuvi, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Wanaita pilkki. Aliyenifundisha ni mzee jirani, mstaafu. Alinigongea mlango Jumapili moja, nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri, akanionyesha keekee begani. Ni keekee kweli, ya kuzungusha kwa mkono, ila ndefu inanifika kifuani na meno yake mapana kama sahani ya chai. Tulitembea kama nusu saa juu ya ziwa. Akasimama, akapangusa theluji kwa buti, akaanza kuzungusha. Vumbi jeupe la barafu linapanda pembeni ya tundu, linarundikana, sauti ni ile ya kukwaruza ukoko wa wali kwenye sufuria. Kisha mkono unakosa mzigo ghafla na maji meusi yanapanda mpaka juu. Barafu ilikuwa inapita sentimita 40. Akachukua upawa wenye matundu, akachota uji wa barafu, tundu likabaki safi, jicho jeusi kwenye shuka jeupe.

Fimbo yenyewe ni fupi kuliko mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, kama kitu cha mtoto kuchezea. Unashusha mshipi mpaka uguse chini, unapandisha kidogo, unatikisa, unatulia. Kutulia ndiko kunakovua. Samaki wa kwanza niliyempata ni ahven, anamkumbusha mtu sangara wetu ila huyu ni wa kiganja tu, kijani kwa mistari myeusi, mapezi ya chini mekundu, na ule mwiba wa mgongoni usipokuwa mwangalifu unakuchoma kama sato. Nilimweka juu ya theluji, dakika chache akawa amekakamaa kama kijiti.

Nilimpigia baba simu ya video palepale. Alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, "Na mitumbwi mnaweka wapi?" Nikamgeuzia kamera ufukweni, boti zote zimepinduliwa kifudifudi, theluji juu yake. Swali la pili: "Na hao samaki huko chini hawafi?" Nilijibu hivi: maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo yanazama chini na kukaa huko, ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda, na barafu ikishatanda inakuwa blanketi. Samaki yuko kwenye nyuzi zake 4 mpaka majira yabadilike. Baba alikaa na jibu hilo siku kadhaa, akanipigia tena kuhakikisha kama nilimwelewa vizuri mwalimu wangu.

Na uzuri mwingine: kuvua hivi kwa fimbo hakuhitaji kibali wala ada. Ni haki ya kila mtu aliyepo nchini, hata mgeni aliyeshuka jana na ndege, isipokuwa sehemu chache zilizokatazwa kama kwenye maporomoko yenye samaki wanaohama. Watoto wako watashika fimbo sawasawa na mzee wa miaka 80 aliyekaa mita 20 kutoka kwenu, na yule mzee huenda akawaonyesha rangi ya chambo bila kuongea hata neno.

Februari ndio pia mwezi wa made. Huyu ni mrefu, anateleza, ana kisharubu kimoja kidevuni. Mtu wa Kanda ya Ziwa akimwona atamkumbuka kamongo. Anataga mayai katikati ya baridi kali, ndipo anapovuliwa. Wenyeji wanampikia supu ya viazi na maziwa. Mimi namchuna ngozi, natia tui la kopo, ndimu na pilipili. Mpe mama mkwe jikoni uone.

Usalama, dada, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu kila mwaka watu wanazama. Barafu ngumu inayoonyesha weusi, sentimita 5, inabeba mtu mmoja anayetembea. Familia msiingie chini ya 10, na mwezi Februari kwa kawaida hapa inapita hapo mbali. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji iliyolowa, ihesabu nusu ya nguvu hiyo. Kaeni mbali na mahali mto unapoingia, chini ya madaraja, kwenye matete na pale ziwa linapobana kati ya visiwa, maana maji yanayotembea yanaila barafu kwa chini. Msiamini nyayo za jana. Kila mtu mzima avae naskalit shingoni, vipini viwili vyenye misumari. Ukitumbukia unavikita kwenye barafu na kujivuta utokee kule ulikotoka, kisha unabingirika, husimami. Simu kwenye mfuko usioingia maji, namba ni 112. Mwulizeni mwenye nyumba siku ya kwanza wapi panapitika. Atawachorea ramani kwa furaha.

Usiku wa baridi kali mtasikia ziwa linaunguruma. Msitoke mbio. Barafu inatanuka na kusinyaa, inapasuka mstari mrefu, mlio wake unaanza mbali, unapita chini yenu na kwenda zake ng'ambo. Mimi hufungua dirisha niusikilize.

Kwa ajili ya mama nimefikiria potkukelkka. Ni kiti kilichofungwa juu ya vyuma viwili virefu vyembamba. Mmoja anakaa amejifunika blanketi, mwingine anasimama nyuma, mguu mmoja juu ya chuma, mwingine unasukuma ardhi. Bibi zangu kazini wamezunguka nacho kwenda dukani maisha yao yote. Mama yangu alipokuja kunitembelea, aliogopa kutia mguu kwenye barafu, hata kufika kituo cha basi ilikuwa vita. Nikamkalisha hapo, mkoba mapajani, tukateleza ufuko mzima wa ziwa. Alikuwa anaongea na kila tunayepishana naye, kwa Kiswahili, na wao wanamjibu kwa Kifini, mikono juu. Ukiazima kimoja kwa mwenye mökki, tumia kwenye ziwa au njia zenye theluji iliyokandamizwa. Barabara zilizomwagwa kokoto zinakikwamisha ghafla na aliyesimama anaruka mbele.

Kisha sauna na avanto, yaani tundu la kuogea kwenye barafu. Najua watu wenu watasema huo ni wazimu. Hapa Tampere kuna bafu la umma la Rauhaniemi, kando ya ziwa Näsijärvi, lipo tangu 1929, na jioni za Februari linajaa wafanyakazi waliotoka kazini na bibi wenye kofia za sufu. Unakaa kwenye mvuke mpaka jasho likuchuruzike, unatoka, unashuka ngazi, unaingia kwenye maji yanayokaribia sifuri.

Mara yangu ya kwanza nilikosea jambo moja: niliingia kwa haraka huku nimebana pumzi. Kifua kilikaza, nikawa navuta hewa ndani tu, haitoki, mikono imeng'ang'ania ngazi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia polepole, "Ulos, ulos", toa nje, toa nje. Nikatoa pumzi kama napuliza moto wa kuni. Mwili ukatulia. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kila mara: nashuka taratibu, natoa pumzi ndefu maji yanapofika kiunoni, nakaa nusu dakika, napanda. Usitumbukize kichwa, usiruke, usiwe peke yako, na usiwe umekunywa pombe. Mwenye presha, moyo au ujauzito amwone daktari kwanza, na kwa umri wa mama mimi ningemwacha kwenye mvuke tu. Watoto wajiviringishe kwenye theluji na kurudi ndani, kwao inatosha. Ukishapanda ngazi unasimama nje umelowa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri na husikii baridi, ngozi yote inawaka, mvuke unatoka mabegani. Mimi uchovu wa zamu za usiku naumaliza pale.

Kuhusu stara, usiwe na wasiwasi. Rauhaniemi ni mchanganyiko, watu wanavaa nguo za kuogelea. Ukitaka pa wanawake peke yao, Rajaportti, sauna ya 1906 ambayo ndiyo kongwe kuliko zote za umma zinazofanya kazi nchini, ina upande wa wanawake na upande wa wanaume. Na sauna ya mökki ni yenu, mlango mnaufunga wenyewe. Ila iheshimuni. Kwa watu hawa si mahali pa kupiga kelele wala kupiga picha. Wazee ninaowahudumia wananieleza kwamba zamani mtu alizaliwa mle na maiti yake ikaoshwa mle. UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2020.

Mavazi kwa kifupi: pamba isiguse ngozi, inashika jasho na kukugandisha. Sufu ndani, sufu tena, juu kitu cha kuzuia upepo. Buti ziwe kubwa kwa namba moja au mbili, vidole vicheze. Wengi wetu tunabana soksi tatu kwenye kiatu cha saizi yetu, damu haipiti, tunasingizia baridi. 

Kama lazima mfike Lapland, nendeni Inari. Mbwa wa kuvuta sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, wapo, na mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, mtaiona anga likiwa wazi na mkiwa na subira. Jina lake huku ni revontulet, moto wa mbweha. Lakini kabla ya kumpandisha mtu kwenye sleji ya kulungu, pitieni Siida, makumbusho ya Wasami, watu wa asili wa kule. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa yaliwarudishia vitu vyao zaidi ya 2,000 vilivyokuwa vimekaa Helsinki. Sisi tuliotoka nchi zenye vitu vilivyobaki kwenye kabati za Ulaya tunaijua uzito wake habari hiyo. Nilisimama mbele ya kofia moja ya mtoto muda mrefu. Mkitoka hapo, huyo kulungu mtamwona kwa jicho lingine.

Ukishapata tarehe, andika hapahapa. Nina keekee mbili na naskalit za ziada, Jumamosi huwa sina zamu, na kama mama anakuja na dagaa wa kukaanga kutoka Tanga, aniwekee kidogo.