Kwenda Circleville na watoto wadogo: Jumatano, asubuhi, na mbeleko

Kwetu Tanga vuli ni mvua. Huku Ohio, Marekani, vuli ni majani. Oktoba yetu ya kwanza katika mji wa Columbus, mwanangu mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Alisimama dirishani akaniuliza kama miti inaumwa. Nikamweleza ninavyojua: siku zikifupika na baridi ikianza kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili, ile inayoyapa majani ukijani, ndipo rangi ya njano iliyokuwa imefunikwa tangu mwanzo inajitokeza. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo njano ilikuwemo?" Ilikuwemo, mwanangu.

Mwaka huohuo jirani akatuambia twende kwenye maonyesho ya maboga Circleville, Pumpkin Show, na hadi leo hatujaacha kwenda. Ni mji mdogo, kama maili 25 kusini mwa Columbus kwa barabara ya US 23. Maonyesho huanza Jumatano ya tatu ya Oktoba na kwisha Jumamosi, na kiingilio hakuna. Yalianza mwaka 1903, pale meya wa mji, George Haswell, alipopanga mabua ya mahindi na maboga mbele ya ofisi yake. Wafanyabiashara jirani wakamuiga, na leo barabara za katikati ya mji hufungwa magari kwa siku nne, umati ukawa wa mamia ya maelfu.

Kina mama wenzangu Waislamu huniuliza sana kama hiyo siyo Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya vinyago vya kutisha. Siyo. Ni sherehe ya mavuno, na asili yake ni wakulima kuonyesha walichovuna. Vinyago vya mifupa utaviona kwenye baraza za nyumba njiani, maana ni mwezi wake, kwa hiyo kama mwanao ni mwoga mzungumze naye kabla hamjafika. Chakula ndicho cha kuangalia zaidi. Soseji nyingi za vibandani ni za nguruwe, uliza kabla hujalipa. Donati za boga, aiskrimu ya boga na mkate wa boga vitawatosha watoto.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mara ya kwanza tulikwenda Jumamosi, saa saba mchana, mdogo akiwa kwenye kigari. Ile ndiyo siku yenye watu wengi kuliko zote. Kigari hakikupita popote. Kila hatua naomba radhi kwa miguu ya watu. Tulitaka kuona kila kitu, maboga, gwaride, bembea, mnara wa maboga, na saa tisa watoto wote wawili walikuwa wanalia kwa usingizi. Katika kuhangaika na yule wa kigarini nikaachia mkono wa mkubwa. Dakika nne, labda tano. Baba yake alimkuta amesimama mbele ya kibanda cha mahindi, kimya, ameshika jani. Mwili wangu ulitetemeka mpaka tulipofika nyumbani, na usiku ule sikulala.

Tangu hapo tunakwenda Jumatano. Najua ni siku ya kazi. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, kwa hiyo wiki mbili kabla anabadilishana zamu na mwenzake ili awe amelala. Kama mna watoto ambao hawajaanza shule, Jumatano haiwagharimu masomo, na siku hiyo ya ufunguzi ndiyo ya kupima maboga makubwa. Hapo ndipo uzuri wa safari yote ulipo. Mkulima analeta boga limelala kwenye trela kama ng'ombe aliyechoka, linanyanyuliwa kwa mashine, linawekwa kwenye mizani, na watu wazima wananyamaza kusubiri namba. Washindi huzidi paundi 1,000, yaani zaidi ya kilo 450. Kuna makubwa kuliko hayo kwingineko: mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipima boga la paundi 2,749 huko California. Mwanangu alipoona lile la Circleville aliniuliza litaingia sufuria gani.

Basi chagueni kitu kimoja. Kimoja tu, na watoto wakijue toka nyumbani. Sisi ni mizani. Tukishaiona, siku imeshakamilika, kinachoongezeka ni nyongeza. Gwaride mkilikuta, vizuri. Kuna hata la watoto wachanga, na linapendeza. Bembea tunaahidiana mbili kabla ya kutoka kwenye gari, hazizidi. Mtoto wa miaka minne hukubali idadi aliyoisikia mapema kuliko "basi sasa" anayoambiwa akiwa juu ya farasi wa kuzunguka.

Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Beba pesa taslimu, kwa sababu wenyeji wengi hukodisha viwanja vyao vya nyumbani kwa kuegesha magari. Asubuhi ya Oktoba inaweza kuwa nyuzi 5 na mchana ikapanda hadi 18, kwa hiyo vaeni nguo juu ya nguo, mpunguze kadiri jua linavyopanda. Kigari tulikiacha nyumbani kabisa. Mdogo nambeba mgongoni kwa kanga, kisha navaa koti kubwa juu yetu wote wawili, kichwa chake kinatokeza. Anaona kila kitu, na usingizi ukimjia analala hapohapo nami naendelea kutembea. Bibi mmoja Mmarekani alinishika mkono akaniomba nimwonyeshe fundo, tukasimama pembeni nikamfunga mwanasesere wa mjukuu wake.

Mkubwa namwandikia namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Tena namwonyesha mahali pa kusimama akipotea: ni kwa mama mwenye watoto, au kwa askari. Tunarudia maneno hayo kwenye gari mpaka ayaseme mwenyewe.

Saa sita na nusu tunaondoka, hata kama kila mtu bado anacheka. Hasa kama bado wanacheka. Wanalala njiani, wakiamka tuko nyumbani.

Kabla ya kuondoka nanunua boga la kupika. Msichukue lile kubwa la kuchongwa, lina maji mengi na nyuzi, halina ladha. Ulizeni yale madogo matamu. Na vile vibuyu vya rangirangi ni vya pambo tu, msivipike. Vichungu, na vinaweza kuwaumiza tumbo. Jioni nalipika kama futari ya mama yangu: vipande vinene, tui zito la nazi, iliki, sukari kidogo, chumvi ya kubana ladha. Watoto waliokataa boga mwezi mzima walikula, kwa sababu hili walilibeba wenyewe.

Mbegu mkubwa anaziosha, nusu tunazikaanga kwa chumvi, nusu anazianika kwenye karatasi juu ya friji. Mwaka jana tulizipanda katikati ya Mei, baridi ya kugandisha ilipokwisha, kando ya uzio. Maboga yalitoka mawili, madogo. Lakini majani! Julai nilichuma msusa, nikamenya zile nyuzi za kikonyo huku mwanangu akinisaidia, nikaunga kwa karanga, nikampigia mama simu ya video aone sufuria.