Eko Imetoka Safi, Mbona Kifua Bado Kinabana?

SWALI: Daktari, nina miaka 58, nina kisukari na presha. Nikipanda ngazi kifua kinabana. Nikisimama dakika mbili tatu kinaachia. Nimefanyiwa eko, yaani altrasaundi ya moyo, nikiwa nimelala, nikaambiwa moyo unasukuma damu vizuri. Je, niamini kwamba mishipa yangu haijaziba?

JIBU: Hapana, usiamini hivyo bado. Eko hiyo ilitazama misuli, vali na nguvu ya msukumo. Mishipa ya korona yenyewe, ile inayoulisha moyo damu, haikuonekana: ina upana wa milimita 3 au 4 tu, inayumba kwa kila pigo, tena imejificha nyuma ya mbavu na mapafu, na mawimbi ya altrasaundi hayapenyi vizuri mfupa wala hewa. Kwa hiyo mpimaji huijua hali ya mshipa kwa kutazama msuli unaolishwa nao. Ukiwa umelala, msuli huo hauna kazi kubwa, na hata mshipa uliobanwa kwa asilimia 70 huweza kuupa damu ya kuutosha. Kama kifua kinabana ngazini, moyo upimwe ukiwa kazini. Kipimo cha kumuulizia daktari wako ni eko ya mazoezi.

Unalazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, ili mbavu zipanuke na moyo usogelee ukuta wa kifua. Picha za mapumziko zikishapigwa, unapanda tredmili, mashine ya kutembelea na kukimbilia papo hapo. Kwa utaratibu uitwao Bruce, unaotumika kupandisha kazi hatua kwa hatua, unaanza na mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Shabaha ya mapigo hupatikana hivi: toa umri wako kwenye 220, kisha chukua asilimia 85 ya kinachobaki; kwako ni mapigo 138 hivi kwa dakika. Ukiishia 110 kwa sababu ya kuchoka, jibu la "hakuna tatizo" halina uzito.

Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni muda baada ya mashine kusimama. Picha zote zinatakiwa zikamilike ndani ya sekunde 60 hadi 90, kwa sababu mapigo yanashuka haraka na msuli uliokuwa umelegea kwa kukosa damu hurudia nguvu zake. Basi usisimame kupumua, usifute jasho, usiombe maji. Jilaze papo hapo. Jizoeze mapema kutoa pumzi kisha kuizuia, maana pafu lililojaa hewa hufunika moyo. Penye kitanda chenye pedeli, picha hupigwa ukiendelea kukanyaga, na shida hii hupungua sana.

Dawa za beta bloka, kama atenolol au bisoprolol, huzuia mapigo kufika juu. Mara nyingi husimamishwa saa 24 hadi 48 kabla, lakini aamue daktari aliyekuandikia. Kuziacha ghafla peke yako kunaweza kuchochea shambulio lenyewe. Na kwa kuwa una kisukari, utakapoambiwa usile kwa saa kadhaa, uliza hapo hapo insulini au vidonge utumie vipi.

Kwenye majibu, ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hugawanywa sehemu 16 au 17, na kila sehemu inatakiwa inenepe na kuvutika ndani zaidi baada ya mazoezi. Iliyokuwa nzima ikalegea, mshipa wake haufikishi damu. Isiyosogea kabla wala baada, aghalabu ni kovu la shambulio la zamani. Uzuri wa eko ni kwamba msuli hulegea kabla kipimo cha umeme wa moyo hakijabadilika, na kabla maumivu hayajaanza.

Hata hivyo, hunasa takribani wagonjwa 8 kati ya 10 wenye mibano mikubwa, si wote. Mbano wa mshipa mmoja wa pembeni hupita kirahisi, na mafuta yaliyoganda bila kubana sana hayaonekani kabisa. Jibu zuri lisikuachishe dawa za presha, sukari na lehemu.

Maumivu yakikujia umetulia, au yasipoachia ukipumzika, usisubiri miadi ya eko. Nenda hospitali kitengo cha dharura.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na magoti yake hayawezi tredmili. Wanasema watamtilia dawa ya kuukimbiza moyo. Si hatari?

JIBU: Dawa hiyo ni dobutamini. Hupitishwa kwenye mshipa kwa pampu, kuanzia mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kisha 10, 20, 30 na 40, kila hatua dakika 3. Mapigo yasipofika 127, shabaha ya umri wake, huongezewa atropini, dawa nyingine ya kuharakisha mapigo, kidogo kidogo. Kama mama ana glakoma, yaani presha ya macho, semeni mapema.

Atahisi moyo ukidunda na mwili ukitetemeka. Hilo ni la kawaida. Pampu ikizimwa, nguvu ya dawa hupungua kwa nusu kila dakika 2 hivi, na ikizidi kuna beta bloka ya kuchoma. Hatari kubwa ni nadra, lakini ipo, ndiyo maana daktari na vifaa vya kuushtua moyo lazima viwepo chumbani. Asifanyiwe kama amepata shambulio siku chache zilizopita, au kama vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini, imebana sana na inampa dalili.

SWALI: Altrasaundi ya shingo inaweza kuonyesha mishipa ya moyo imeziba?

JIBU: Haionyeshi moyo. Inaonyesha kama ugonjwa huohuo umeshaanza kwenye mishipa ya shingo: uvimbe wa mafuta ukutani wenye unene wa milimita 1.5 au zaidi huongeza uwezekano kwamba na ya moyo imeguswa. Shingo safi haikuhakikishii moyo safi. Unene wa ukuta peke yake hausaidii sana, kwa kuwa tofauti ni sehemu ndogo ya milimita na hubadilika probu, kifaa kinachowekwa shingoni, ikiinama kidogo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 haukupendekeza upimwe kama kawaida. Omba ripoti itaje kama kuna uvimbe, uko wapi, una unene gani na umebana njia ya damu kiasi gani.