Nimkumbuke Vipi Mwenzangu wa Bendi?

SWALI: Mhariri, nilijiunga na bendi ya vijana ya Jeshi la Wokovu hapa Vihiga nikiwa mvulana. Sisi wawili tulipiga baritoni, ala ya shaba ya kupuliza, bega kwa bega, na urafiki wetu ulidumu hadi mwenzangu alipofariki mwezi uliopita. Familia yake imeniomba nizungumze katika ibada ya kumbukumbu. Wasifu wake utasomwa na wanawe. Mimi niseme nini? – Mwanabendi wa zamani, Vihiga.

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Masomo, kazi na ndoa waachie wanawe, nawe uzungumzie baritoni, kwa sababu watu wengi watakaohudhuria walimwona akipita na bendi, lakini ni wewe uliyemsikia.

Waeleze kwanza kazi ya ala hiyo. Koneti, zile ala ndogo zinazofanana na tarumbeta, ndizo hubeba wimbo na ngoma kubwa ndiyo huongoza miguu, ilhali baritoni hujaza sauti za katikati ambazo msikilizaji wa barabarani huwa hazitambui mpaka zikosekane. Kijana anayekubali kuipiga mwaka baada ya mwaka, bila kuomba ahamishiwe kwenye koneti, ameonyesha tabia yake, na tabia hiyo ndiyo unayotakiwa kuishuhudia.

Kisha waeleze mlivyopokezana pumzi. Wapigaji wawili wa sehemu moja hupatana wasivute pumzi mahali pamoja: huyu anapovuta, yule huendelea kupuliza, sauti isikatike. Wakiwa kwenye gwaride, juu ya barabara ya murramu yenye mashimo, mdomo wa ala ukigonga meno kila mguu unapokanyaga vibaya, hakuna nafasi ya kuulizana. Kila mmoja humjua mwenzake kwa kusikiliza tu. Sema ni nani kati yenu aliyekuwa akivuta kwanza. Jambo dogo kama hilo lina uzito kuliko kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, maneno ambayo tumeyasikia katika kila mazishi na ambayo hayamtofautishi mtu na mwingine.

Historia itaje kwa ufupi. Bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu ilitokana na familia moja ya Salisbury, Uingereza, ambapo mwaka 1878 Charles Fry na wanawe watatu walianza kupuliza ala zao katika mikutano ya hadhara. Jeshi lilianza kazi Kenya mwaka 1921. Bendi hizo, basi, zilianzia kwa watu wa nyumba moja, na nadhani familia ya marehemu itafarijika kulisikia hilo.

Nakushauri pia umwombe kiongozi wa bendi sehemu ya baritoni ipigwe peke yake kwa ubeti mmoja, kisha bendi nzima iingie. Hilo linawezekana hata kama baritoni haina mpigaji sasa, kwa kuwa katika bendi za shaba karibu ala zote huandikiwa noti kwa ufunguo mmoja, yaani alama ileile ya kusomea noti, na vidole hubonyeza vilevile. Kijana wa koneti ataimudu akipewa muda wa kuzoea mdomo wa baritoni, ulio mkubwa zaidi. Mwandikie kiongozi wiki hii. Na ikiwa ala ya marehemu ni mali ya bendi na bado iko nyumbani kwake, zungumza na familia kwa upole ili irudishwe mapema, kijana huyo afanyie mazoezi ala ileile.