Mjomba, mbona besi haisikiki?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na kaka yangu tunakaa chumba kimoja hapa Tanga na kila jioni tunabishana. Sote tunaisubiri albamu mpya ya Metallica, ile bendi ya roki nzito ya Marekani. Yeye anashikilia kwamba bendi ile ilikwisha mwaka 1986 na Master of Puppets, na kwamba hiyo mpya ikitoka ataisikiliza kwa kunihurumia tu. Mimi naipenda ile iliyofuata, ...And Justice for All ya 1988. Tatizo besi yake siisikii. Nimebadilisha spika mara mbili, wapi! Je, masikio yangu ndiyo mabovu? Na tungoje mpaka lini? – Mpwa wako, Tanga

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Spika zako nzima, masikio yako mazima. Usinunue spika za tatu.

Kaseti ya albamu hiyo niliipata mwaka 1990 kwa binamu yangu aliyekuwa baharia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupiga besi kwenye bendi ya hoteli hapa Mombasa, na kila muziki niliousikia niliutafutia zile nyuzi nne za gitaa la besi. Nikaiweka. Magitaa yananguruma, dramu zinagonga kama mtu anapigilia misumari, besi hakuna. Nikasema redio imechafuka. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikafuta kichwa cha redio mpaka pamba ikawa ya kahawia. Nikarudisha kaseti: hakuna. Nikaifungua kaseti yenyewe kwa bisibisi ndogo, nikakinyanyua kidogo kile kisponji kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Bado. Ilipita miaka mingi ndipo nikaja kujua kwamba besi ilirekodiwa yote, mwanzo hadi mwisho, kisha ikashushwa wakati wa kuchanganya sauti.

Steve Thompson, mmoja wa waliozichanganya sauti hizo, amesimulia kwamba mpiga dramu Lars Ulrich ndiye aliyetaka ishushwe, kisha ishushwe tena. Kuna na sababu ya kiufundi, ambayo sisi wapiga besi tunaijua vizuri. Mpiga besi wa albamu hiyo, Jason Newsted, alikuwa akilifuata gitaa la rithimu la James Hetfield noti kwa noti. Na gitaa lile limerekodiwa tabaka juu ya tabaka, sauti ya chini imejaa tele. Besi ikipita njia ile ile ya rithimu humezwa, hata ungeipandisha.

Lakini siwezi kukueleza habari ya Newsted bila kumtaja aliyemtangulia, maana ubishi wenu wote umelala hapo. Cliff Burton alipoombwa kujiunga aliwaambia yeye hahami kwao. Wakitaka, wao ndio wahame. Wakatoka Los Angeles wakamfuata eneo la San Francisco. Fikiria, bendi nzima inahama kwa ajili ya mpiga besi! Alipiga albamu tatu, Kill 'Em All ya 1983, Ride the Lightning ya 1984 na hiyo Master of Puppets. Tarehe 27 Septemba 1986, wakiwa katika ziara, basi lao lilipinduka usiku karibu na mji wa Ljungby huko Sweden. Burton alifariki hapo hapo. Alikuwa na miaka 24. Haikutimia hata miezi miwili Newsted akawa jukwaani mahali pake. Mimi nikiisikiliza ile ya 1988 nasikia nyumba yenye msiba, na kiti kimoja hakuna anayethubutu kukitazama. Naipenda kama unavyoipenda wewe, na kila nikiiweka inaniuma kwa ajili ya yule kijana aliyepiga nyimbo zote 9 akafunikwa.

Sasa kaka yako. Mwambie Mjomba anampa haki yake kwa jambo moja: Orion, wimbo wa Master of Puppets. Zimeni taa, wekeni wimbo huo, msiseme. Ule mvumo unaopanda polepole mwanzoni watu wengi hudhani ni kinanda. Ni besi ya Burton. Kufika kama dakika ya nne kila kitu kinanyamaza, besi inabaki peke yake, inatembea taratibu, kisha magitaa yanakuja kuisindikiza, yenyewe ndiyo imetangulia. Nilikaa mwezi mzima kujifunza kipande hicho, sikio kwenye redio, narudisha kaseti kwa kidole ili betri zisiishe. Ndio wimbo uliopigwa kwenye mazishi yake.

Ila kusema bendi ilikwisha 1986, hapana. Albamu ya 1991, ile yenye jalada jeusi, besi ilirudi kwenye nafasi yake chini ya prodyuza Bob Rock. Wimbo My Friend of Misery unafunguliwa na besi ya Newsted, na ukiusikia utajua mtu huyu alikuwa na mengi ya kusema. Halafu mruke kaka yako mpaka 72 Seasons ya Aprili 2023, wimbo wa mwisho, Inamorata. Una dakika 11 na sekunde 10, mrefu kuliko wote waliowahi kuurekodi. Katikati bendi inatulia na Robert Trujillo, mpiga besi aliyekuja baada ya Newsted, anaachiwa uwanja. Mimi niliusimamisha, nikaurudisha, nikamwita mke wangu kutoka jikoni aje asikie.

Kuhusu kungoja, hesabu mwenyewe. Kutoka Death Magnetic ya 2008 mpaka Hardwired... to Self-Destruct ya 2016 ni miaka 8. Katikati hapo mpiga gitaa la solo Kirk Hammett alipoteza simu yenye vipande kama 250 alivyokuwa amejirekodia, na albamu ilipotoka hakuna wimbo hata mmoja wenye jina lake kama mtunzi. Kutoka hapo mpaka 72 Seasons ni miaka 6 na ushee. Kwa mwendo huo unaiona 2029. Ikija mapema, iwekeni pamoja, wewe na kaka yako, na msikilize besi kwanza.

SWALI: Mjomba, St. Anger ya 2003 ina dramu inayolia kama debe. Nani aliikubali? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ulrich alilegeza zile nyaya za chini ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ikabaki inalia tupu, na yeye mwenyewe ameitetea mpaka leo. Mimi siipendi sauti ile, lakini nakuomba usiitupe albamu. Newsted alikuwa ameondoka Januari 2001, na besi unayoisikia humo ni ya Bob Rock, prodyuza wao. Trujillo alikuja Februari 2003, kazi ya kurekodi imeshamalizika. CD yake ilitoka na DVD ndani, wakizipiga nyimbo zote za albamu chumbani mwao cha mazoezi, naye Trujillo ndiye yuko kwenye besi, amejikunja, nyuzi zinakaribia kugusa magoti. Itafute hiyo DVD uitazame kwanza, ndipo urudi kwenye albamu.